Siku Waziri Alipokuja Kufungua Tumbo la Katibu

Palikuwa na nchi moja, nayo si hii yetu. Hii yetu tunaijua sote, haina mambo. Nchi hiyo ilikuwa na milima yake, mito yake, na watu wake wapole waliojaliwa mikono ya kupigia makofi. Kitu walichokipenda kuliko vyote kilikuwa orodha. Mtoto akizaliwa waliuliza kwanza ni wa ngapi, ndipo wakauliza kama analia. Walipanga mabwawa kwa ubora, wakapanga madaraja, wakapanga hata mawingu. Wingu lililoshika nafasi ya kwanza mwaka mmoja lilipita juu ya ikulu bila kudondosha tone, likapewa nishani huku linaondoka.

Vyuo vya udaktari vilikuwa saba, na kazi ya kuvipanga ilikuwa ya Tume ya Taifa ya Nafasi. Mwenyekiti wa Tume alikuwa mtu mkubwa mno, hakuna aliyewahi kumwona. Kwa hiyo orodha yenyewe iliandikwa na katibu wake, Bwana Mwinchande Sokolo, mtu wa makamo, mfupi, mwenye kalamu mbili mfukoni: moja ya kuandikia, ya pili ya kuwaazima wasiorudisha.

Alama zilitolewa kwa haki kabisa. Lango la chuo, alama mia. Likiwa na simba wa saruji, kila simba ishirini. Bustani, hamsini. Majoho ya maprofesa, wimbo wa chuo, unene wa zulia, ulaini wa nyama siku ya ukaguzi, kila kimoja kilikuwa na safu yake. Wagonjwa nao hawakusahauliwa. Kila aliyefia hospitali ya chuo alikipunguzia chuo chake alama kumi. Waliopona ndio hawakuwa na safu. Si kwa ubaya, jamani. Aliyekufa huacha cheti cha kifo chenye muhuri. Aliyepona huchukua ndala zake akaenda nyumbani bila karatasi yoyote. Na Serikali ya nchi ile haikuwahi kuhesabu kitu kisicho na karatasi.

Profesa Mbwelwa, mkuu wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Kilele, alikuwa msomi. Aliikazia macho ile safu ya vifo, akaelewa, na kesho yake akawafungia wagonjwa mlango. Miaka sita mfululizo hakuna mtu aliyefia Kilele, na miaka sita mfululizo Kilele ikawa ya kwanza. Wanafunzi wake walijifunza kwa mgonjwa wa plastiki aliyeletwa kwa ndege, akalazwa chumba chenye kiyoyozi, akaitwa Mheshimiwa Mgonjwa. Asubuhi walimwamkia, wakaandika hali yake kwenye daftari: "Ametulia." Kumpasua haikuruhusiwa, maana alikuwa mali ya umma yenye namba ya stoo.

Chuo cha saba, miaka yote, kilikuwa Magengeni, nyuma ya soko la vitunguu. Lango lake lilikuwa kamba. Na watu walikuwa wakifia pale, tena bila kificho.

*

Mwaka tunaousimulia, Mwinchande aliinama kunyanyua Jalada Kuu la Orodha, lenye uzito wa ndama wa miezi mitatu, akasikia kitu kimeteleza upande wa kulia wa kinena, kikatokeza mbele kama mtu anayechungulia dirishani.

Jioni mkewe, Bi. Semeni, alimwona anatembea kwa upande mithili ya kaa.

"Baba Mwanne, hicho ni nini?"

"Upepo."

"Upepo gani wenye umbo la yai? Hebu." Akagusa. Yai likarudi ndani. Mwinchande akakohoa, likatoka tena. "Hiyo ngiri. Marehemu babu yangu alikuwa nayo. Akaionea haya, akaificha, siku moja utumbo ukajisokota humo ndani ukanyongwa. Hakufika alasiri. Kesho nenda hospitali."

Mwinchande akakaa kitandani taratibu, uso umempauka.

"Mke wangu," alisema, "Waraka Namba Tisa."

Hapo Bi. Semeni naye akakaa.

Miaka minane nyuma, katika kumfurahisha Waziri, Mwinchande alikuwa amebuni waraka wenye kichwa cha maneno "Apangaye na Alale". Ulisema kwamba ofisa yeyote wa Tume akiugua atatibiwa katika chuo alichokiweka cha kwanza, wala si kwingineko, na atakayejipeleka kwingine atahesabiwa ameitukana orodha ya taifa: miaka mitano, pamoja na kazi. Waziri alicheka kwa furaha hadi machozi yakamtoka. Mwinchande akapandishwa ngazi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mwingine huingia na muhuri mkononi.

"Si ulikuwa mzima wakati unauandika," Bi. Semeni alisema. "Mtu mzima huandika lolote."

*

Kilele walimpokea kwa tarumbeta. Profesa Mbwelwa aliteremka ngazi akiwa na joho, mikono ameitanua.

"Katibu! Umekuja kukagua, au unaumwa kweli?"

"Ninaumwa kweli, Profesa."

"Mungu mkubwa!" Akageuka, akapaza sauti kwenye korido. "Vijana! Njooni wote! Mgonjwa! Tena hai!"

Wakaja mia na ishirini, makoti meupe yamepigwa pasi ya kukata mkono. Mmoja akamgusa bega kwa kidole akaruka nyuma. "Profesa, ana joto!" Mwingine akauliza, "Mbona tumbo linapanda na kushuka?"

"Anapumua," Profesa alisema. "Hiyo ndiyo tofauti. Andikeni."

Wakaandika. Mwinchande akavuta pumzi ya kujikaza, nao wakaandika hiyo pia.

"Profesa, nikuulize kiungwana. Ngiri mmeshapasua ngapi hapa?"

"Kwa nadharia, elfu nane."

"Na kwa tumbo?"

Profesa akamshika mkono kwa mapenzi. "Wewe ndiwe ufunguzi wetu."

Mwinchande akaona giza, kwa sababu alijua maana ya neno hilo katika nchi yake. Kule hakuna kitu kilichoweza kuanza kutumika kabla hakijafunguliwa na mgeni rasmi. Bomba la kijiji lililia maji miezi mitano, limefungwa utepe, likimsubiri mgeni rasmi. Choo cha soko kuu kilikamilika mwezi wa tatu, kikafunguliwa mwezi wa nane. Watu walibana kizalendo. Na mgeni rasmi hakualikwa kutazama. Mgeni rasmi ndiye aliyekata.

"Tumeshamwandikia Mheshimiwa Waziri," Profesa aliendelea, "naye amekubali. Jumanne, siku tatu baada ya Siku ya Nafasi. Mkato wa kwanza utakuwa wake. Sisi tutamalizia palipobaki. Unapendelea mkasi au kisu? Mkasi unatoka vizuri kwenye picha."

Waziri mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Faraji Kauzeni, Waziri wa Afya, Nafasi na Sherehe. Elimu yake ilikuwa ya mifugo, muhula mmoja, hakumaliza kwa sababu ng'ombe walimwogopa.

*

Kesho yake Mwinchande alivaa kofia ya mkewe ya shambani, akainama chini ya ile kamba, akaingia Magengeni kama mtu aliyekuja kununua vitunguu. Foleni ilianzia barazani. Hakukuwa na zulia, palikuwa na sakafu iliyosuguliwa mpaka imechoka. Akapokelewa na daktari mwanamke mrefu, Daktari Sikudhani Malembeka, mwalimu wa upasuaji, aliyekuwa anakula muhogo wa kuchemsha huku wanafunzi watano wakimzunguka.

"Vua suruali, mzee wangu. Kohoa. Kohoa tena, usinionee haya, nimeshaona wakubwa kuliko wewe. Enyi, mmeona nini?"

Wanafunzi wakaweka mikono mmoja mmoja, wakanong'onezana, wakataja upande, wakataja ukubwa, wakabishana kama wauza samaki, wakakubaliana.

"Ngiri," Daktari alisema. "Kazi ya dakika arobaini. Jumanne ni siku ya ngiri hapa, njoo Jumanne hii. Usiikalie. Ikija siku imegoma kurudi ndani na unatapika, hapo itakuwa hadithi nyingine."

"Siwezi kuja hapa," Mwinchande alisema.

"Kwa nini?"

"Ninyi ni wa saba."

"Nani kasema?"

Mwinchande akavua kofia. "Mimi."

Daktari Sikudhani akamaliza muhogo wake taratibu, akafuta mikono.

"Kumbe ndiwe," alisema. "Mwaka jana ulitupunguzia alama hamsini kwa kukosa wimbo."

"Mlikuwa hamna wimbo, Daktari."

"Tulikuwa na wodi ya kipindupindu."

Hakumfukuza. Alimwonyesha kitabu kikubwa kilichofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, kama mbuzi asije akapotea. Kilikuwa na safu tatu: jina la mgonjwa, jina la anayemtibu, na mwisho wake. Desturi ya Magengeni ilikuwa kwamba anayetibu huandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe kabla hajamgusa mgonjwa. Safu ya tatu hujazwa baadaye, mwisho uwe wa heri au wa shari, na jina halifutwi.

"Soma hapa," alimwambia, akafunua ukurasa uliochakaa kwa vidole. Mama mmoja, miaka thelathini na mbili. Aliyemtibu: S. Malembeka. Amefariki. "Huyu nilimkosa. Nilichelewa kuamua, saa nzima. Wanafunzi wapya nawaanzishia ukurasa huu, kabla ya kitabu kingine chochote. Walikufa arobaini na mmoja mwaka jana, Katibu, umewahesabu vizuri. Na waliopona elfu nne mia mbili na kumi, uliwaweka wapi?"

"Hawana karatasi," Mwinchande alisema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake kumi na mmoja ya ukatibu akasikia jinsi maneno hayo yanavyosikika.

*

Njia ilikuwa moja: Magengeni iwe ya kwanza kabla ya Jumanne ile ya Waziri, ili Waraka Namba Tisa wenyewe umburute mpaka kwenye meza ya Daktari Sikudhani. Mwinchande alirudi ofisini kwa mwendo wa kaa, akajifungia na Kanuni za Alama. Alizisoma kama mfungwa anayepapasa ukuta. Kwenye Kifungu cha Kumi na Nne akasimama. "Kila hati yenye muhuri ambayo chuo kimempa mwananchi: alama moja." Kiliwekwa kwa ajili ya Kilele, waliokuwa wakigawa Hati za Shukrani kwa wote waliowahi kulisifia lango lao.

Akacheka mpaka ngiri ikamkumbusha kukaa chini.

Alirudi Magengeni na maboksi ya karatasi na wazo la kitu kiitwacho Hati ya Kupona.

"Nina foleni mpaka barabarani," Daktari Sikudhani alisema, "na wewe unaniletea karatasi?"

"Daktari, nipe kitabu kile kilichofungwa kwa kamba, na ubao wa kuwatangazia watu sokoni. Mengine niachie. Mimi karatasi ndiyo fani yangu."

Likatangazwa sokoni kwamba kila aliyetibiwa Magengeni akapona aje achukue hati. Watu wa nchi ile hawakuwahi kuikataa hati. Walikuja na miguu yao iliyoungwa, na macho yaliyosafishwa, na watoto waliozaliwa kwa shida wakiwa sasa wanapigana kwenye foleni. Bi. Semeni alikaa mezani kuandika, Mwinchande akagonga muhuri mpaka kiganja kikaota sugu.

"Mimi nilipona mwaka jana mwezi wa pili," bibi mmoja alisema akiigeuza hati yake. "Sasa hii inamaanisha siruhusiwi kuumwa tena?"

"Unaruhusiwa, bibi. Ila ukaombe upya."

Mzee mmoja wa makamo akaikataa katakata. "Mke wangu akiiona hiyo, kesho nipo shambani na jembe. Niandikieni 'Anaendelea'."

"Hatuna hiyo," Bi. Semeni alimwambia. "Hapa umepona au umekufa, chagua."

Akachagua kupona, akaikunja hati akaificha soksini. Siku kumi zilipita hivyo. Yai la Mwinchande lilikuwa limekua, na sasa alilirudisha kwa kulala chali na kuomba dua. Mara mbili liligoma kwa muda, na mara ya pili jasho lilimtoka mpaka kwenye vidole. Bi. Semeni alimtazama tu, akaongeza mwendo wa kuandika.

*

Siku ya Nafasi ukumbi ulijaa. Kilele walikuwa viti vya mbele na kikombe chao cha mwaka jana, wamekuja nacho ili kupunguza usumbufu. Waziri Kauzeni akafungua bahasha, akaanza kusoma kutoka chini, kwa sauti ya mtu anayeijua hadithi. Ya saba, ya sita, ya tano. Alipofika ya pili akasoma "Kilele", watu wakapiga makofi kwa mazoea, kisha makofi yakaisha mkono mmoja mmoja.

"Ya kwanza," Waziri alisema, akaisogeza karatasi, akaivuta, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maelezo. "Magengeni. Hati elfu nne mia mbili na kumi."

Profesa Mbwelwa akasimama, akasema "Hapana", akaanguka kifudifudi. Madaktari arobaini wa Kilele wakainuka, wakamzunguka kwa heshima, wakamtazama. Hakuna aliyemgusa, walikuwa wanasubiri mgeni rasmi aanze. Mwishowe mama aliyekuwa anagawa chai akapenya katikati ya majoho, akamlaza ubavu, akamlegeza tai, akammwagia maji ya jagi.

Mwinchande nyuma ya ukumbi alikuwa amemkumbatia mkewe. "Nimepona, Mama Mwanne! Yaani bado, lakini nimepona!"

Ndipo Waziri akagonga kipaza sauti.

"Ndugu wananchi. Serikali ni sikivu. Katibu wetu, kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa, atapasuliwa chuo cha kwanza, nacho sasa ni Magengeni. Na mimi ahadi yangu ya ufunguzi siitengui. Mgeni rasmi humfuata namba moja! Jumanne nitakuwa Magengeni, na mkasi nitakuja nao mwenyewe."

Makofi. Bi. Semeni alilazimika kumshika mumewe kwapani.

*

Jumanne asubuhi ngiri ikagoma kabisa. Ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia, na Mwinchande alitapika mara mbili njiani. Daktari Sikudhani alimgusa mara moja tu, uso wake ukabadilika.

"Meza," aliwaambia wanafunzi. "Sasa hivi. Utumbo umebanwa."

Lakini mlangoni palikuwa na utepe mwekundu, na nyuma ya utepe msafara. Waziri aliingia chumba cha upasuaji amevalishwa gauni la kijani juu ya suti, mkasi wa kung'aa mkononi. Nyuma yake Naibu Waziri, Katibu Mkuu wa wizara, Mkurugenzi wa Mikato, Profesa Mbwelwa na bandeji kwenye paji la uso, na mpiga picha. Mwinchande alikuwa ameshapigwa sindano ya ganzi mgongoni. Kutoka kiunoni kwenda chini hakuwa na habari, lakini masikio yalikuwa mazima, na ulimi nao.

"Daktari," alinong'ona, "mtu huyu aliogopwa na ng'ombe."

"Nyamaza, mzee wangu." Kisha akageuka. "Mheshimiwa, karibu. Umenawa? Vizuri. Bado jambo dogo la hapa kwetu, halichukui dakika." Mwanafunzi akakileta kile kitabu, na mguu wa meza ukiwa umekuja nacho, maana fundo lilikataa kufunguka. "Anayekata huandika jina lake kwanza. Hapa. Safu hii ya pembeni nitajaza mimi baadaye, kama amepona au amefariki."

Waziri akaitazama kalamu.

"Nikate ndipo niandike?"

"Uandike ndipo ukate."

"Na ikiwa… kwa bahati mbaya isiyozuilika…"

"Litabaki jina lako. Hatufuti. Na utumbo umeshabanwa, Mheshimiwa, kila dakika tunayoongea inamla."

Katika miaka ishirini ya utumishi, Mheshimiwa Kauzeni alikuwa amefungua madaraja, visima, shule, na mnada mmoja wa punda, lakini hakuwahi kuweka jina lake mahali ambapo matokeo yangekuja kuandikwa pembeni. Akakohoa.

"Serikali inaamini katika kugatua madaraka," alisema. "Namkaimisha Naibu wangu."

Naibu Waziri akarudi hatua moja, akamkanyaga Katibu Mkuu. "Nimeguswa sana na heshima hii. Hata hivyo suala hili ni la kiutendaji zaidi kuliko la kisera. Namkaimisha Katibu Mkuu."

"Kiutendaji ni kweli," Katibu Mkuu alisema, "lakini kwa ngazi ya kurugenzi."

Mkurugenzi wa Mikato alikuwa kijana mwenye akili. "Ningefanya kwa moyo mmoja. Tatizo kurugenzi yangu inashughulikia mikato ya bajeti. Profesa?"

Profesa Mbwelwa akagusa bandeji yake. "Mimi leo ni mgonjwa. Kitaalamu kabisa."

"Jamani," Mwinchande alisema kutoka mezani, "nakufa."

Waziri akaangalia chumba kizima. Mpiga picha akawahi kusema kamera yake ni ya kuazima. "Nani humu ndani," Waziri aliuliza, "ana cheo kidogo kuliko wote, asiyeweza kumkaimisha mwingine?"

Daktari Sikudhani akainua mkono. Ulikuwa umeshanawa.

"Basi shika wewe!" Waziri alisema, naye alionekana kama mtu aliyetua gunia. "Kwa niaba yangu."

Daktari akaandika: S. Malembeka. Hakuandika kwa niaba ya mtu.

"Tokeni nje wote," alisema. "Wewe na wewe, taa. Wewe niambie tunaanzia wapi, usinitazame mimi, tazama tumbo."

*

Haikuwa dakika arobaini, ilikuwa saa moja na robo. Mwinchande aliona dari tu, na kwenye dari palikuwa na doa lenye umbo la bata. Akalikazia macho lile doa huku akimsikia Daktari anauliza wanafunzi maswali kwa sauti ya chini. "Rangi gani hii? Una uhakika? Ngoja, tusikimbilie kuukata. Weka kitambaa cha uvuguvugu. Subiri. Bado. Subiri tena." Kisha sauti ya mwanafunzi, nusu kicheko nusu kilio: "Wekundu wa utumbo unarudi, Daktari."

"Umerudi," Daktari alisema. "Haya, tushone."

Alipofumbua macho vizuri alikuwa wodini, kitanda cha dirishani, Bi. Semeni pembeni anamenya chungwa. Upande wa pili wa dirisha, uwanjani, kulikuwa na viti vya plastiki, watu wa soko, na Waziri Kauzeni jukwaani akiwa bado na gauni lake la kijani, ambalo alikataa katakata kulivua.

Daktari Sikudhani akaja, akafunua shuka, akatazama mshono.

"Umepona, Katibu, au utapona ukinisikiliza. Usinyanyue kitu. Uji na supu kwanza. Na wiki mbili usicheke. Chochote utakachofanya, usicheke. Ukicheka nyuzi zinaachia na nitaanza upya."

"Mimi si mtu wa kucheka, Daktari," Mwinchande alisema. "Mimi ni mtumishi wa Serikali."

Nje kipaza sauti kikakoroma.

"Ndugu wananchi! Leo kwa mkono huu," Waziri akauinua, "kwa mkono huu, nimeshuhudia kwa karibu sana!"

Makofi. Mwinchande akahisi kitu kinamtekenya chini ya mbavu. Akabana midomo.

"Nilipoliona tumbo lile nilisema: hapana. Wananchi wetu wataendelea kuchungulia hivi mpaka lini? Kuanzia leo natoa tamko. Ngiri zote zilizomo nchini zinapewa siku saba! Siku saba ziwe zimerudi zilikotoka, kwa hiari, kabla Serikali haijatumia nguvu!"

"Semeni," Mwinchande alisema kwa meno yaliyofungwa. "Funga dirisha."

"Halina kioo," mkewe alisema. Naye mabega yalikuwa yameanza kumtikisika.

"Na itakayokaidi," Waziri alinguruma, "iwe ya mkubwa, iwe ya mdogo, iwe ya kulia au ya kushoto…"

"Mto," Mwinchande aliomba, machozi yanamtiririka. "Mama Mwanne, nipe mto, niwahi, atamaliza kuniua huyu."

Bi. Semeni akambandika mto usoni. Daktari Sikudhani akaweka viganja vyote viwili juu ya mshono, akaubana kwa nguvu, akageuzia uso wake ukutani. Wote watatu wakakaa hivyo bila kutoa sauti, wanatetemeka, na Waziri alikuwa ndiyo kwanza yuko ukurasa wa kwanza.